Kidole Kwenye Sahani ya Mizani

4 Februari

Kwako Mawe,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na soksi ulizovaa zinafanana. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepoa, sasa anapanda ngazi bila kumtaja Mungu kila kipandio. Baba yako naye ana nguvu zake zote, kwa bahati mbaya.

Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu kanunua viti. Vya plastiki, vyeupe, mia mbili, vya kukodisha kwenye sherehe. Amevipandanisha koridoni mpaka karibu na dari, na mimi nikitoka karakanani napita kiubavu kama kaa. Wiki iliyopita akasimama mlangoni kwangu, akatazama ndani kwa jicho la mtu anayekadiria pazia, akasema, "Dada, chumba hiki kinaingia viti vingapi?"

Nikamwambia kinaingia mizani thelathini na moja na fundi mmoja.

"Na wateja?"

Hapo akanishika pabaya. Tangu hizi mizani za betri zijae madukani, mtu yake ikiharibika anaitupa. Mwezi uliopita waliingia humu watu wanne, na mmoja alikuwa anauliza choo kiko wapi. Sasa nikajitetea kwa kilichonijia mdomoni. Nikasema siku hizi watu hawapiti mlangoni, wanapita kwenye tovuti. Ile tovuti uliyonitengenezea ulipokuja likizo, yenye kurasa zangu sita za kumfundisha mtu kuipima mizani yake. Kusema kweli sijui kama kuna kiumbe aliyewahi kuifungua.

Unamjua baba yako, ni mtu wa makubaliano. Akachukua kalamu papo hapo. Mwezi wowote mmoja, kabla Julai haijaisha, wakiingia watu mia moja kwenye tovuti, chumba ni changu na hatakitaja tena. Wasipofika, chumba ni cha viti, na mimi nahamia kile cha nyuma kisicho na dirisha. Fundi mizani asiye na mwanga wa dirisha ni mtu wa kubahatisha, na mimi sijawahi kubahatisha gramu.

Kwa hiyo niwekee kitu cha kuhesabu wageni. Sikukupigia simu kwa sababu ukuta wetu ni mwembamba na masikio ya baba yako ni mazima.

Ni mimi shangazi yako, katikati ya viti.


21 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu juu yake, lakini ndani haikuumia. Nimefurahi kuhusu goti la mama. Mimi ni mzima, soksi sitazizungumzia. Kazini wananitegemea sana. Nisipokuwepo hakuna anayeingia wala kutoka.

Jambo lako nimelifanya tangu juzi. Kuna mistari michache ya msimbo inayowekwa ndani ya ukurasa. Mgeni haioni. Akifungua ukurasa, ile mistari inapeleka taarifa mahali pengine: kaingia mtu, saa fulani, kutoka mji fulani, amekaa muda fulani, ametoka. Jina lake haisemi, na wala haijui. Ichukulie kama kengele ndogo mlangoni, ila hii inaandika.

Hesabu yenyewe utaiona kwenye ukurasa mwingine. Anwani yake na nywila nimeviandika kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Ukishaikariri ichane. Usiibandike kwenye ukuta wa karakana, Shangazi, nakujua.

Msalimie baba. Usimwambie kwamba kengele imewekwa juzi.

Ni mimi mwanao, Mawe.


12 Machi

Kwako Mawe,

Huku mvua imeanza na bomba la juu linavujia viti, kwa hiyo kuna haki kidogo duniani. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula matunda. Nimemjibu kwamba unakula, nikiomba msamaha moyoni.

Karatasi nimeibandika ukutani, lakini nyuma ya kalenda.

Sasa sikiliza. Mimi sijawahi kuamini kipimo kwa sababu tu ni kipya. Mizani ikiletwa hapa, kwanza naifuta sahani, natazama kama mshale unarudi kwenye sifuri. Pili naweka jiwe ninalolijua uzito wake. Tatu, ambalo mafundi wavivu huliruka, nalitoa jiwe katikati naliweka kwenye pembe, moja baada ya nyingine. Kuna mizani inayosema kweli katikati na uongo pembeni, na mwenye duka mjanja anajua aweke mfuko wako wapi.

Kengele yako nimeipima hivyo hivyo. Nilifungua ukurasa wa mbele mara kumi, kwa siku mbili, nikiandika kila mara kwenye daftari. Ikahesabu kumi. Nikaipa heshima. Kisha nikaenda pembeni: nikafungua moja kwa moja ukurasa wa mizani ya bafuni, wa mizani ya kuning'iniza, ule wa kupima kilo kwa lita ya maji. Kimya. Kengele umeifunga mlango wa mbele peke yake, Mawe, na nyumba ina milango sita.

Mpaka leo hesabu inasema watu kumi na wanne. Kumi ni mimi. Wanne siwajui, labda nao wanatafuta choo.

Viti vimefika kwenye kizingiti changu. Havijavuka.

Shangazi yako.


30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Ni kweli tupu. Niliweka msimbo ukurasa wa mbele nikasahau zile tano. Sasa uko kwenye kurasa zote, na nimepima pembe zote kama ulivyosema. Nimeiambia kengele pia isiihesabu kompyuta yako, ili ukitaka kufungua mara elfu ufungue tu, haitalia. Ulikuwa unajipima pamoja na mzigo.

Usiwe na wasiwasi na Aprili. Nina hisia nzuri na Aprili. Watu wanaanza kuifahamu.

Matunda nakula, mwambie mama. Juzi nilikula ndizi.

Mwanao, Mawe.


9 Mei

Kwako Mawe,

Habari za huku ni njema mpaka zinatia shaka. Aprili imeisha ikiwa na wageni mia moja na wanne.

Baba yako nilimwita aone mwenyewe. Alivaa miwani, akaitazama namba, akaivua, akaifuta, akavaa tena. Akasema, "Dada, nimekubali." Jumamosi alihamisha viti vyote kutoka kizingitini. Mama yako akapika wali wa kunipongeza. Nimeshinda, na kwa siku tatu nilitembea koridoni katikati, mikono nimeitanua, kwa kuwa ilikuwa inawezekana.

Siku ya nne nikarudi kwenye kompyuta kuangalia ushindi wangu kwa karibu. Hilo ni kosa langu la siku zote.

Wageni wangu ni watu wa ajabu. Wanakuja siku za kazi tu. Hawaji Jumamosi wala Jumapili. Wanakuja kati ya saa saba na saa nane mchana. Wanaingia ukurasa wa mbele, wanakaa sekunde nne, wanatoka. Sekunde nne, Mawe. Mimi mwenyewe kichwa cha habari nakisoma kwa sita. Na karibu wote wanatoka mji mmoja, ule unaoishi wewe.

Nimekumbuka ulipokuwa na miaka tisa. Shule walitaka watoto wa timu ya kuvuta kamba, uzito usiopungua kilo ishirini na tano, na wewe ulikuwa na ishirini na mbili ukiwa umeloa. Ulikuja kupimwa hapa kwangu ukiwa na mawe matatu mfukoni, na sura ya mtu aliyenenepa kwa juhudi. Nilikupima, nikasoma namba kwa sauti, kisha nikakwambia uruke. Jina lako ulilipata siku hiyo, kwa ule mlio.

Sina neno zaidi. Nauliza tu: huko kwenu, saa saba mchana, kuna nini?

Shangazi yako.


28 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini wote hamjambo na bomba limetengenezwa. Huku joto limezidi. Jengo letu lina ghorofa tano na lifti moja, na lifti imekufa tangu Jumatatu, kwa hiyo watu wanafika juu wakiwa wamesahau walichofuata. Mzee mmoja mgeni alikaa kwenye kochi la chini saa mbili nzima akingoja ipone. Tulizungumza sana. Amewahi kufuga nyuki.

Kuhusu mtandao, mambo ya mtandao yana kupanda na kushuka. Kuna sababu nyingi za kitaalamu ambazo kwenye barua zitachosha.

Nimefurahi sana kwamba chumba ni chako. Hilo ndilo la muhimu, au sivyo?

Wasalimie.

Mawe.


11 Juni

Mawe,

Barua yako imefika. Ilikuwa na habari za lifti, joto na nyuki. Jibu halikuwemo.

Nimemwambia baba yako kwamba namba ya Aprili si ya kweli. Akauliza, "Nani amekukamata?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi si ungenyamaza." Akaenda kuchukua viti. Arobaini viko ndani tayari, upande wa meza ya springi. Hakufurahi kuviingiza, nasema hivyo kwa kumtendea haki.

Mwanangu, mimi miaka thelathini na mbili nimekaa na watu wanaotaka mshale usimame wanapopapenda wao. Wengi wao si wezi. Wengine wanakuja na mgonjwa wanataka niwaambie ameongezeka. Nawaonea huruma, lakini mshale siushiki. Nikiushika mara moja, kesho hata wewe hutaniamini nikikwambia kilo ni kilo.

Toa kidole chako kwenye sahani. Kisha niambie imebaki ngapi, hata ikibaki sifuri. Sifuri naijua, ni mahali pa kuanzia.

Shangazi.


24 Juni

Shikamoo Shangazi,

Leo sina habari za hali ya hewa.

Ni mimi. Si mimi peke yangu, ila ni mimi. Na ili uelewe nilivyofanya lazima nikwambie la pili ambalo nilikuwa nalipitia pembeni tangu mwaka jana. Mimi siko idara ya kompyuta. Idara ya kompyuta iko ghorofa ya tatu na mimi niko mapokezi, chini. Nina beji, kalamu iliyofungwa kwa kamba, na daftari la wageni. Naandika jina, saa ya kuingia, anamwona nani, saa ya kutoka. Nilikwambia nisipokuwepo hakuna anayeingia, na hilo ni kweli, nashika ufunguo. Msimbo nimejifunza mwenyewe, jioni na wakati wa chakula. Baba alishawaambia majirani kwamba niko juu, nikashindwa kushuka.

Hapo mapokezi kuna kompyuta tatu za wageni wanaosubiri. Saa ya chakula watu wanakuwa wengi. Nikawa namwambia kila anayekaa, "Samahani, naomba unijaribie ukurasa huu kama unafunguka." Wanafungua, wanasema unafunguka, wanafunga. Sekunde nne. Yule mzee wa nyuki alifungua mara mbili kwa upendo.

Sikuwa nataka kumdanganya baba. Nilikuwa nakuona wewe kwenye kile chumba cha nyuma umeshika springi chini ya balbu.

Nimezitoa kompyuta zote za jengo hili kwenye hesabu. Mei ilikuwa inasoma mia moja na kumi na tisa. Wamebaki kumi na mmoja.

Lakini Shangazi, waangalie hao kumi na mmoja. Nimewatazama wiki nzima, na nimeona haya kwamba nilikuwa nimewafunika. Hawaingii mlango wa mbele. Tisa wamekwenda moja kwa moja kwenye kurasa za pembeni. Mmoja alifungua ule wa mizani ya kuning'iniza, akakaa dakika ishirini na sita. Kesho yake akarudi dakika kumi na nne. Wiki iliyofuata akarudi tena. Huyo hajakuja kunijaribia kama unafunguka. Huyo ana mizani mbele yake, na kuna kitu hakimkalii sawa.

Na nimegundua kosa langu jingine. Kurasa zako hazina mahali pa kukuandikia. Anasoma, anamaliza, hana wa kumuuliza. Jana nimeweka kisanduku cha ujumbe chini ya kila ukurasa, zote sita, nimepima pembe.

Naomba radhi. Kwa baba nitaandika mwenyewe, nipe wiki mbili za kupata maneno.

Mawe.


9 Julai

Kwako Mawe,

Nimekusoma mara tatu, na dakika zote za kusoma ni halali.

Kuhusu mapokezi. Nilijua tangu barua yako ya nyuki. Mtu wa kompyuta hana saa mbili za kuzungumza na mzee kwenye kochi. Tena nilijua huna raha nalo, nikasubiri ulitoe mwenyewe. Kuna aibu gani kushika mlango? Baba yako anashika viti.

Kisanduku chako kimepata ujumbe siku ya nne. Ni muuguzi wa kliniki ya watoto, safari ya basi saa moja na nusu kutoka hapa. Anaandika kwa heshima, kama mtu anayeogopa kusumbua. Anasema amefuata ukurasa wangu hatua kwa hatua, amejaza chupa lita moja ya maji, ameitundika kwenye mizani wanayopimia watoto, na haielewi. Ameijaribu tangu Mei. Anauliza kama kosa ni lake.

Kesho naondoka na sanduku la mawe ya kupimia. Baba yako ameniona nafunga, akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kwa mgeni namba saba.

"Katika wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Akacheka. Lakini sanduku alinibebea mpaka mlangoni, maana ni zito.

Shangazi yako.


1 Agosti

Kwako Mawe,

Kaa chini. Hii ni ndefu.

Ile kliniki ni chumba kimoja safi, sakafu imesuguliwa, kina mama wamepanga foleni kwenye benchi wakizungumza wote kwa pamoja. Mizani imening'inizwa kwenye ndoano ya dari, ya mshale, ile yenye kibembeo cha kitambaa ambacho mtoto anaingizwa miguu. Muuguzi ni mdogo kuliko maandishi yake. Akaniambia, "Bibi fundi, nilidhani labda maji yetu ni mazito."

Nikafuta uso wa mizani. Mshale ukasimama sifuri, vizuri kabisa, kwa adabu. Hiyo ndiyo mizani mbaya kuliko zote, inayokaa sifuri ukiitazama. Nikatundika jiwe la kilo mbili. Ikasema mbili na robo. Nikatundika la tano. Ikasema tano na gramu mia sita. Springi imelegea kwa umri, kadiri mzigo unavyokua ndivyo nayo inavyozidisha. Wamekuwa wakiwasifu watoto wote pale kwa uzito ambao hawana.

Yule binti akafungua daftari lake, akaanza kupiga mstari chini ya majina. Alipofika saba akaacha, akasema, "Hawa saba mama zao tuliwaambia wako sawa." Mama mmoja kati ya hao alikuwa pale pale kwenye benchi. Alisimama akaja, mtoto begani, akasema, "Nilisema mimi. Nilisema ni mwepesi mkononi, mkaniambia mizani ndiyo inayojua."

Nikabadilisha springi. Ilinichukua adhuhuri nzima, na mwanga wa dirisha lao ni mzuri. Tukampima kwanza mtoto wa yule mama. Mshale ukasimama chini ya pale ulipokuwa unasimama, na mama yake akapumua kama mtu aliyeaminiwa. Wameitwa wote saba. Unga wa lishe upo, dawa zipo, kilichokosekana kilikuwa namba ya kweli. Muuguzi ameniandikia wiki iliyopita kwamba watano wameanza kuongezeka, na wawili wanafuatiliwa nyumbani.

Sasa, jana ilikuwa mwisho wa Julai. Baba yako akashuka, ile karatasi ya makubaliano mkononi. Akakaa juu ya kiti chake kimoja, ndani ya chumba changu, tukatazamana.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Tulisema mia."

"Tulisema mia. Sibishi."

Nikampa barua ya muuguzi. Nyuma yake kuna karatasi ya wakubwa wake, wanauliza kama naweza kuzunguka kliniki zao zote. Ni ishirini na tatu, na mizani zao zilinunuliwa mwaka mmoja. Aliisoma polepole. Aliporudia kuisoma, midomo yake ilikuwa inatembea.

"Hawa watoto saba," akasema, "wamo kwenye hao kumi na tisa?"

"Hawamo. Hawajui kusoma."

Juu mama yako alikuwa anaburuta ndoo, tukaisikiliza mpaka ikafika ilikokuwa inakwenda.

"Sasa tunawahesabuje?"

"Hatuwahesabu, kaka. Tunawapima."

Akaikunja ile karatasi ya makubaliano, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo ya kutosha kuwekwa chini ya mguu wa meza yangu unaocheza. Akainama akaiweka hapo mwenyewe. Kisha akaanza kutoa viti. Alitoa thelathini na sita. Vinne akaviacha ukutani. Nikamwambia umesahau vinne.

"Sikusahau," akasema. "Watu wakija kutoka kliniki utawakalisha wapi, kwenye mizani?"

Barua yako kwake imefika. Hakunionyesha. Ila leo asubuhi nimemsikia barazani akimwambia jirani kwamba mwanawe yuko mapokezi na anashika funguo za jengo zima. Ghorofa amezifanya saba.

Shangazi yako.


23 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Baba amenijibu. Mistari mitatu. Wa tatu unasema nimletee kalamu yenye kamba nikija likizo.

Nina habari. Mama anayeongoza idara ya kompyuta, ghorofa ya tatu, alishuka juzi kumsindikiza mgeni, akawa anajisifu kwamba tovuti ya kampuni inapata watu mia nane kila siku. Mgeni alipoondoka, mdomo ukanitoka. Nikamwuliza, samahani mama, wafanyakazi wetu nao wanahesabiwa? Maana asubuhi kila kompyuta ya jengo hili inafungukia hapo yenyewe, na sisi ni mia tatu na kumi.

Alinitazama vile unavyolitazama kochi likisema. Kisha akaniambia nipande naye. Lifti ni mbovu, tukapanda kwa miguu, mimi nikihesabu vipandio. Tulitoa kompyuta za jengo. Zikabaki mia nne na kitu. Nikamwambia sasa tupime pembe, tukakuta kurasa nane hazina msimbo kabisa.

"Umesomea wapi?"

"Kwa shangazi yangu. Ni fundi mizani."

Akaniuliza kama shangazi yangu anatafuta kazi. Nikamwambia una kliniki ishirini na tatu. Basi Jumanne na Alhamisi nitakuwa juu, siku nyingine chini kwenye daftari langu. Hakuna aliyeniongezea beji, lakini nimeonyeshwa kiti.

Naomba ruhusa moja. Niirudishe hesabu yako sifuri, tuanze Septemba ikiwa safi?

Mwanao, Mawe.


14 Septemba

Kwako mtoto wa kaka yangu,

Jina la Mawe nimelipumzisha. Ukilihitaji lipo.

Mama yako mzima, goti zima, amefurahi kuhusu Jumanne na Alhamisi na anauliza je siku hizo mbili unakula matunda zaidi. Nimeshazunguka kliniki sita. Mizani nne zilikuwa wagonjwa, mbili wazima kabisa, na hizo mbili nilizipenda mpaka nikazipongeza kwa sauti. Viti vinne vinatumika.

Asante kwa sifuri. Nimeitazama asubuhi nzima ya tarehe mosi, kama mtu aliyefagia uwanja. Sasa tuna wageni kumi na wawili, na nimewakagua kwa mazoea yangu. Kuna mmoja nataka tuzungumze.

Anatoka mji huu huu. Si kompyuta yangu, hiyo ulishaitoa. Anatumia simu. Anakuja saa kumi jioni, wakati baba yako anakaa koridoni kwenye viti vyake na kusema anapumzisha macho. Ameshafungua kurasa zote sita, kwa mpangilio, moja kila siku. Kwenye ule wa mizani ya bafuni alikaa dakika kumi na tisa.

Kesho yake asubuhi baba yako akashuka na mizani yake ya bafuni, ameifunga kwa gazeti kama mtu anayeficha kuku. Akaniambia ina matatizo. Kabla sijafungua mdomo akasema ameshaijaribu kwenye sakafu ngumu, si kwenye zulia, maana kwenye zulia inasema uongo. Nikamwuliza hilo amelisikia wapi. Akasema ni jambo linalojulikana.

Nimeipima. Inamzidishia kilo tatu. Alifurahi kuliko siku ya harusi yake.

Najua utaratibu tuliouweka, kwamba watu wa nyumbani hawahesabiwi. Nimelifikiria sana. Kidole ni kile kinachogusa sahani kikaondoka. Huyu anakaa dakika kumi na tisa, na jana kaanza tena ukurasa wa kwanza.

Usimtoe. Mwandike.

Ni mimi shangazi yako, dirishani.